Mchunga Ng'ombe Katika Kiti cha Mfalme

Kwa miaka mingi nimekata vioo vya madirisha mchana na kusoma historia jioni, katika vitabu vya mitumba. Nilitaka kujua kwa nini falme zetu zilipigana hata kabla ya wakoloni kuja. Vitabu vilitaja ng'ombe, chumvi, njia za pembe za ndovu. Sura iliyonikaa ni ya urithi. Katika falme kadhaa za magharibi ya ziwa letu kubwa, mfalme alikuwa na wana wa mama mbalimbali, na kiti hakikuwa lazima kiende kwa kifungua mimba. Akifa, kila mama na ukoo wake walisimama na mwana wao.

Hayo niliyasoma mtaani Kawangware, upande wa Riruta, nikiwa mpangaji katika ploti ya vyumba vya mzee mwenye wake wawili. Siku moja nilimuuliza ploti itabaki na nani. Akacheka.

"Nikitaja mmoja leo, kesho ataniuliza mbona bado niko."

Alipofariki, ufunguo wa mfereji, bomba la ploti lililofungwa kwa kufuli, ulikuwa kwangu. Ugonjwa ulipomzidi alinipa ufunguo huo, niwe nikifungulia watu maji asubuhi na jioni. Baada ya mazishi nilitaka kuurudisha, lakini wanawe wawili, mmoja wa kila mke, hawakuwa wakisalimiana tena. Kila mmoja alikuja na vijana wake akatangaza kwamba ploti ni yake. Wapangaji wakanizuia.

"Kaa nayo tu," alisema jirani yangu, mama wa chapati. "Wewe umetoka Western, hauko kwa hiyo familia. Hauna upande."

"Chairman!" akadakia mumewe. "Mfalme wa mfereji! Sasa tukupigie saluti?"

Walicheka. Mimi nilikumbuka niliyosoma kuhusu Nkore, mojawapo ya falme zile. Wana wa mfalme walipokuwa wakipigania kiti, mchunga ng'ombe wa kawaida aliketishwa kitini ili kisibaki kitupu. Mshindi aliporudi, inasimuliwa, mtu yule aliuawa. Hakuwa na kosa. Alikuwa amekaa tu.

Jumamosi, nikifungua maji, mwana wa nyumba kubwa, yule wa mke wa kwanza, alisimama nyuma yangu. Hakupandisha sauti.

"Mzee, nasikia siku hizi ni wewe unafungulia watu."

"Ni kwa muda tu."

"Muda wa nani?"

Vijana wake walikuwa wanautazama mlango wangu, ambapo mke wangu alikuwa anaanika nguo. Jioni, yule wa nyumba ndogo alinipigia simu.

"Kwa hivyo umeamua kusimama na yeye?"

Kesho yake, foleni ikiwa imejaa, nilifungua kufuli nikaliacha likining'inia na ufunguo ndani. Nikasema kwa sauti kwamba kazi hiyo si yangu tena.

"Unatuacha na nani?" aliuliza mama wa chapati.

Nikarudi chumbani kwangu. Kufikia jioni mfereji ulikuwa na kufuli jipya, na hakuna aliyejua ni la ndugu yupi. Wapangaji walibeba mitungi kwenda kununua maji kwingine.

"Chairman, umepinduliwa!" mume wa jirani alipaza sauti. Nilimsihi anyamaze.

Mwezi huo tulihamia Kibera, karibu na Soweto East. Juzi mtunza ploti wetu alikuwa anasafiri, akanyoosha mkono wenye ufunguo wa geti.

"Shika, mzee. Wewe hauna shida na mtu."

Mikono yangu ilikwenda nyuma ya mgongo kabla sijafikiri.