Baiskeli Iliyouzwa Nikiwa Mkekani

Miaka ile wakimbizi walipojaa kwetu, nilikuwa nikinunua ndizi kijijini Kibimba na kuzipeleka kambini kwao kuuza, kwa baiskeli. Siku moja, nikiisukuma mlimani, kitu kilinikaza kiunoni, na maumivu yakashuka mguuni hadi kisiginoni. Hospitalini waliniambia mshipa wa fahamu umebanwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, alinifundisha kulala chali na kuvuta magoti kifuani, polepole, kila asubuhi.

Mke wangu alikuwa akikaa kando ya mkeka.

“Baba watoto, usikate tamaa,” alikuwa akisema. “Utaiendesha tena.”

Nilimwamini. Hata machozi yaliponitoka, nilijiona nikiteremka kilima na mzigo wangu.

Siku mtaalamu aliponiruhusu kujaribu baiskeli, nilienda stoo bila fimbo niliyokuwa nikitembelea. Baiskeli haikuwepo. Nilidhani imeibwa, nikamwita mke wangu. Alisimama mlangoni akitazama chini.

“Kaka yako alimuuzia mtu wa Biharamulo,” alisema. “Tulikubaliana tangu mwanzo wa masika. Tulijua hutapona.”

“Na yale uliyokuwa ukiniambia kila asubuhi?”

“Nilikuonea huruma.”

Kuiuza ningeweza kusamehe, kwa sababu watoto walihitaji kula. Kilichoniuma ni kwamba pale mkekani nilikuwa nikiamini peke yangu. Kesho yake alipokuja kukaa kando yangu, nilimwomba atoke nje, nikafanya mazoezi mlango ukiwa umefungwa. Nilipona, nikarudia biashara ya ndizi kwa baiskeli ya kukodi. Kaka yangu nilimwamkia shikamoo kama desturi, lakini kwake sikuingia tena.