Taa ya Samli Nyumbani kwa Mama Kishori

Baraza la wazee wa usharika wetu wa Mikumi lilinituma Kilosa kwa ajili ya mdogo wangu, Agnesi. Alikuwa akimtunza mjane wa Kihindu aliyepooza miguu, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba kila asubuhi Agnesi anawasha taa mbele ya sanamu. Mchungaji alikuwa amemzuia kushiriki chakula cha Bwana mpaka jambo hilo lichunguzwe. Mimi ni mzee wa kanisa, tena kaka yake. Waliniambia nikaone kwa macho yangu, nirudi niseme nilichokiona.

Alfajiri nilimwachia mke wangu hoteli yetu ya chakula pale barabarani. Tangu serikali iruhusu biashara huria, malori yalikuwa yakipishana Mikumi usiku na mchana, na madereva hawakosi njaa. Nilipata nafasi kwenye lori la mnunuzi wa mahindi aliyekuwa akienda gulio la kijiji cha Ulaya. Aliponiuliza ninakokwenda, nilimwambia.

"Wahindi?" akasema. "Wale wana miungu mingi mpaka wanaisahau majina."

Nilicheka naye. Hata mimi nilikuwa najua hivyo hivyo tu.

Ulaya tulifika gulio limechangamka. Mitumba ilikuwa imetandazwa kwenye maturubai kando ya maharage na vitunguu, na wafugaji walikuwa wameleta mbuzi. Nilikaa pale hadi mchana, nilipopata pikapu iliyobeba mkaa na abiria pamoja. Baada ya hapo ni vumbi, mashamba ya mkonge yaliyoota vichaka, na joto.

Kilosa niliingia jua likielekea kuzama. Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya stesheni, mbele duka la vitambaa lililofungwa. Agnesi alitoka akifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Wamekutuma, sivyo?"

Sikuwa na la kuficha. Akanikaribisha ndani kwa mwenyeji wake.

Mama Kishori alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa vizuri. Amezaliwa Kilosa, na Kiswahili chake ni chetu. Mwanawe Kishori alikuwa amehamia Dar es Salaam kuuza redio na majokofu, akitaka mama amfuate, naye hataki. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza nipewe chai kabla hajauliza lolote.

Asubuhi niliamka mapema ili nione. Agnesi alikuwa ameoga. Kwenye rafu ya ukutani palikuwa na picha ya mungu wao Krishna akipiga filimbi, na kisanamu cha shaba. Alikiosha kwa maji, akakipaka unga mwekundu, akaweka ndizi na sukari kwenye kisahani. Kisha akachovya utambi wa pamba kwenye samli, akawasha. Mama Kishori, kitandani, alifumba macho akaimba kwa sauti ndogo, huku akitikisa kengele mkononi. Muda wote huo Agnesi alisimama kando, mikono nyuma. Midomo yake haikucheza. Tulipobaki wawili jikoni nilimuuliza anachokifanya pale.

"Nawasha taa, kaka. Kuomba anaomba yeye. Mimi naomba chumbani kwangu, kwa jina la Yesu, kama tulivyofundishwa."

Baada ya chai Mama Kishori alianzisha mazungumzo mwenyewe, Agnesi akiwepo. Alinisogezea kile kisahani cha ndizi, kilichokuwa kimeshushwa kitandani kwake. Nikamwambia kwa heshima kwamba imani yangu hainiruhusu kula kilichowekwa mbele ya sanamu. Hakukasirika.

"Unadhani naabudu shaba," alisema. "Shaba ilinunuliwa Mombasa, najua hata duka. Lakini namwomba Mungu aje akae humo, naye akija ni mgeni wangu. Mgeni unamwosha miguu, unampa chakula, unamwashia taa."

"Na hao wengine wote?"

"Mimi ni mama kwa Kishori, ni shangazi kwa watoto wa kaka yangu, nilikuwa mke kwa marehemu. Ni watu watatu? Na ninyi mnasema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu."

Nilimweleza kwamba kwetu hayo si majina matatu ya mtu mmoja, nikajitahidi kufafanua, nikaona nimeanza kujikwaa. Nikashika njia ninayoijua vizuri. Nikasema Mungu alizaliwa mtu mara moja, akafa, akafufuka, na hiyo mara moja inatosha. Yeye akasema kwao huja kila dunia inapoharibika, na mwanadamu naye huzaliwa tena na tena hadi roho yake ipate kupumzika. Hapo hatukukutana, wala hakuna aliyejifanya tumekutana.

"Basi ninyi mnamkaribishaje Mungu?" akauliza.

"Sisi ndio wageni," nilisema. "Yeye ndiye anayetukaribisha. Kuna mkate na divai, tunakwenda mezani kwake."

Alifikiri kidogo. "Hilo ni zuri. Agnesi naye anakaa hapo?"

Agnesi aliinamisha uso. Nilisema ukweli, kwamba amezuiwa, na sababu ni taa.

Mama Kishori alimgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua, mama."

"Na hukuniambia! Unamwashia Mungu wangu taa, wako amekufungia mlango?"

"Si yeye, mama. Ni wazee."

Machozi yalimtiririka yule mama, wala hakuyafuta. Kisha akaagiza aitwe fundi seremala. Siku hiyo hiyo rafu iliondolewa pale juu, ikapigiliwa chini zaidi kando ya kitanda, usawa wa mto wake, ili aifikie mwenyewe. Akamkataza Agnesi asiguse tena utambi wala samli. Jioni nilimwona yule mama akiwasha mwenyewe. Kijiti cha kwanza cha kiberiti kilimchoma kidole, cha pili kikashika. Agnesi alitazama kutoka mlangoni, akiuma mdomo.

Kesho yake nilirudi kwa njia ile ile. Mbele ya baraza nilieleza yote. Wazee walifurahi kwamba dada yetu ameiacha taa. Niliwaambia hakuiacha, aliondolewa, na aliyemwondoa ni mwanamke asiyeamini tunayoyaamini, ila alielewa meza ya Bwana ni kitu gani kuliko tulivyoielewa sisi tuliomzuia. Mchungaji alilirudisha jina la Agnesi kwenye orodha ya washiriki. Nilikwenda Kilosa nikidhani nikizijua tofauti zetu nitamwogopa yule mama zaidi. Nilizijua, na ni kubwa. Hofu ndiyo iliyopungua.

Jumapili ya chakula cha Bwana Agnesi alikuja Mikumi. Alipiga magoti, akapokea, akarudi kwenye benchi akiwa ametulia. Ibada ilipokwisha mke wangu alikuwa amempikia pilau, lakini hakukaa. Alikuwa anawahi gari la Kilosa, kwa sababu jirani aliyeachiwa mgonjwa hakuwa mwangalifu, na Mama Kishori sasa alikuwa anawasha viberiti mwenyewe.