Mguu wa Sita

Siku niliyofanya mtihani wa kupewa jile, kile kizibao cha motari, dereva wa pikipiki ya abiria, waliokuwepo ni hawa: Prezida wa chama chetu, Papa Kasole, aliyekuwa mekanisie wa kutengeneza pikipiki zetu, Mama Feza aliyeuza mikate pale parkingi ya Masisi, motari wanane, ambao watano kati yao sasa ni marehemu, na wadogo zangu wawili, Riziki na Baraka, niliotoka nao kijijini kwetu Ngungu kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuwaachia. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa darasa la tano. Niliacha shule, nikalima maharagwe katika mashamba ya watu mpaka nilipofikia umri wa kushika pikipiki.

Ninyi mnaovaa jile leo mnailipia tu. Sisi tulipimwa. Zamani Prezida alimwendesha padri mmoja mzungu, ambaye kwao alikuwa akishindana katika mchezo uitwao trial. Si mbio. Ni kupitisha pikipiki polepole mahali pabaya bila kukanyaga chini. Njia ya kupita inaitwa zoni, nayo hufungwa kamba pande zote mbili, na kando yake husimama mtu wa kuhesabu miguu. Mguu ukigusa chini mara moja ni pointi moja, mara mbili ni mbili, mara tatu au zaidi ni tatu. Ukianguka, ukizima motere, yaani injini, au ukitoka nje ya kamba, ni tano. Ukipita safi, mwenye kuhesabu anainua ngumi. Vinginevyo anaonyesha vidole. Zoni zetu zilikuwa tatu: mteremko wa udongo, mawe ya mtoni, na magogo mawili yaliyolazwa sambamba kama daraja. Pointi zako zikizidi tano kwa jumla, hupewi jile.

Nilikanyaga mara mbili kwenye udongo. Prezida akapaza sauti ili wote wasikie.

"We kijana! Mguu yako iko inatafuta nini chini? Uliangusha kitu?"

Watu walicheka, hata Mama Feza. Nilipomaliza magogo safi alinisogelea na kusema taratibu, "Hapa magogo iko karibu na udongo. Kule kwenye tunaenda, mu daraja hakuna chini. Njo maana tunahesabu."

Nilianzia njia ya Ngungu na Kirotshe. Nilibeba bidoni za maziwa, jibini, magunia ya maharagwe, na wagonjwa wa kwenda hospitali. Mara nyingi mgonjwa alifungwa kwa kitenge katikati yangu na ndugu yake, na wapo waliofika wakiwa wamekwisha kupoa mgongoni mwangu. Hujui la kufanya. Unaendelea kuendesha hadi mlangoni.

Matunzo nilifundishwa na Papa Kasole. Kila asubuhi shene, ule mnyororo wa gurudumu la nyuma, unaipima kwa vidole viwili: ikicheza zaidi ya hapo itaruka, isipocheza itakatika. Safisha kichujio cha hewa kwa petroli, kikaushe, kisha kipake oili kidogo ili kinase vumbi. Kwa tope, punguza upepo wa tairi hadi kidole gumba kiizamishe kidogo, ndipo itashika. Motere ikinywa maji mtoni, usiiwashe kwa hasira. Toa bujii, ile plagi ya moto, ilaze pikipiki, piga kiki mpaka maji yatoke yote. "Pikipiki haina roho mubaya," alikuwa akisema. "Mwenye roho mubaya ni ule mwenye anasema nitatengeneza kesho."

Baada ya miaka mitano Prezida alinipeleka njia ya Masisi na Walikale. Huko msituni tope hufika katikati ya gurudumu, na madaraja ni magogo yanayooza. Na palikuwa na mabarie, vizuizi vya njiani vya watu wenye silaha. Kwenye barie ya kwanza wanakuuliza unatoka wapi. Kwenye ya pili wanakuuliza uliwaambia nini wale wa kwanza. Kwa njia hiyo nilimwozesha Riziki na kumsomesha Baraka mpaka vita vilipofunga shule yake.

Magoti yangu yalipoanza kuchoka, Prezida alinipa kazi ya kuhesabu miguu kwenye zoni ya magogo.

"Wewe hauna maneno mingi," aliniambia. "Na mu zoni hakuna kaka, hakuna shemeji. Umesikia?"

"Nimesikia, Prezida."

Niliifanya kazi hiyo miaka mingi. Nilimwangusha mtihani mtoto wa Papa Kasole mwenyewe, naye Papa Kasole akanisalimu kesho yake kama kawaida.

Kisha akaja Baraka. Alikuwa ameoa, mke wake ana mimba, na shamba letu la Ngungu halikufikika kwa sababu ya mapigano. Alichukua pointi tatu kwenye udongo na mbili kwenye mawe. Alifika kwangu akiwa na tano, amekauka midomo. Katikati ya magogo pikipiki iliyumba, na mguu wake wa kushoto ukashuka. Niliuona ukigusa udongo, ukasukuma, ukarudi. Watu upande wa pili hawakuuona, kwa sababu pikipiki iliwakinga.

Niliinua ngumi.

Prezida alinigeukia. "Uliona muzuri?"

"Niliona muzuri."

"Basi. Mumupe jile."

Baraka alinikumbatia akilia. Ningeweza kumrudisha mazoezini mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja tungekula viazi vya Riziki na kuvumilia.

Msimu wa mvua uliofuata alimbeba Mama Esperansi, mshonaji nguo wa hapa Masisi, aliyekuwa akienda Walikale kwenye harusi ya binti wa dada yake. Mama Esperansi ndiye aliyetueleza. Anasema kwenye daraja la magogo pikipiki iliyumba kidogo tu, na Baraka akashusha mguu wa kushoto. Mguu ulitafuta udongo, ukakuta hewa. Walianguka wote wawili kwenye mawe. Baraka alikufa palepale. Mama Esperansi alikatwa mguu juu ya goti.

Pikipiki ilipoletwa niliifungua yote. Nilipima shene: vidole viwili. Freni za kuisimamisha zilikuwa nzima, tairi imepunguzwa upepo sawasawa. Nilitafuta kosa kwenye chuma siku mbili, nikalikosa.

Familia ya Mama Esperansi ilikuja msibani. Nilikuwa tayari kwa lolote watakalodai, lakini kaka yake mkubwa alisimama na kusema, "Sisi hatudai kitu. Ni njia njo iliua." Watu wakaitikia amina. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nilibaki nimeketi.

Wiki hiyo nilimwambia Prezida kuwa sitahesabu tena. Alidhani ni majonzi. Baadaye nilirudisha jile pia, na sasa ninaishi na mke wa Baraka na mtoto wake, na mgongo unaouma kila mvua inapokaribia. Abiria sibebi tena, ila mmoja. Kila Alhamisi asubuhi namchukua Mama Esperansi na cherehani yake hadi sokoni, na jioni namrudisha. Mashine ile ilikuwa ya kukanyaga. Sasa anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kusukuma kitambaa kwa mwingine, na mishono yake inapinda.

"Kaka, nikulipe nini?" huniuliza. "Wengine walinisahau. Wewe uko muntu wa Mungu."

"Shika vizuri, Mama. Kuna tope."

Hivyo ndivyo ninavyomjibu, miaka yote hii. Wanaonijua husema nimelipa vya kutosha kwa kosa la mdogo wangu. Deni si lake, na safari hizi hazijalipunguza hata kidogo. Mama huyu anastahili kusikia neno moja kutoka kinywani mwangu, kwamba niliuona mguu ule nikainua ngumi, nami nimeliandika hapa kwanza, kwenu, kabla sijamwambia yeye.