Bastola ya Gololi Jikoni kwa Anti wa Chini

Juzi niliingia duka moja la Rockville, huku Maryland, Marekani, mojawapo ya yale yanayouza treni ndogo za umeme na ndege za kuunganisha kwa gundi, nikitafuta zawadi ya mtoto wa mwenzangu kazini. Ndani ya kabati la kioo nikaiona bastola nyeusi ya mchezo, ile inayorusha gololi za plastiki, ncha ya mtutu wake imepakwa rangi ya chungwa, alama kwamba si silaha halisi. Muuzaji akaniuliza kama ningependa kuishika. Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko unavyotarajia kitu cha kuchezea, na ilinuka yale mafuta mepesi ya silikoni. Harufu hiyo, ndugu yangu, ilinitoa pale dukani ikanirudisha Temple Hills, jikoni kwa jirani yetu.

Tulikaa ghorofa ya juu katika jengo la matofali mekundu, mama, kaka yangu na mimi. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zake hazikuwa na huruma. Chini yetu alikaa nesi Mkenya, mtu wa bara, upande wa Nakuru. Tulimwita anti wa chini. Mama alitoka Kongo ya mashariki, upande wa Uvira, kwa hiyo Kiswahili chao kilikuwa kinapigana vikumbo kwenye ngazi: mmoja akisema ugali, mwingine bugali; mmoja akisema soda, mwingine sikire. Lakini hawakukosa kuelewana hata siku moja. Sisi watoto tulielewa vyote viwili na kujibu kwa Kiingereza. Hiki ninachokuandikia nilikuja kukikusanya ukubwani, kipande kwa kipande.

Tukitoka shule tulishukia kwa anti. Mlango wake ulikuwa unanuka ndengu na vitunguu vinavyokaangwa, na bomba la joto ukutani liligonga ko, ko, ko kama mgeni asiyefunguliwa. Kazi yetu ilikuwa kukunja nguo zake zilizotoka kwenye mashine ya kule chini ya jengo: sare za hospitali, shuka, soksi zilizopoteza wenzake. Tukimaliza tulipewa chapati. Na siku akiwa na furaha, alitutolea bastola.

Anti hakuwa mtu wa fujo. Alisali Jumapili, aliongea polepole, na alivaa miwani yenye kamba shingoni. Lakini siku zake za mapumziko alikwenda msituni na wenzake wa hospitali, wakavaa vifuniko vya uso na kukimbizana nyuma ya miti wakirushiana gololi. Alisema wodini anashika watu wasivunjike siku nzima, kwa hiyo akitoka anataka kukimbia tu. Bastola yenyewe aliipenda kama mtu anavyopenda saa nzuri. Aliilaza juu ya taulo mezani na kutuonyesha: huku chini ya magazini, kile kibebeo cha gololi, unajaza gesi, hii springi inasukuma gololi juu, hapa ndani ya mtutu kuna kijiraba kidogo kinachoisugua gololi ikipita, ndiyo izunguke na kwenda mbali bila kuanguka. Niliuliza maswali mpaka akacheka. Nilitaka kujua kwa nini sehemu ya juu inarudi nyuma, na inajuaje kubaki nyuma gololi zikiisha. Alikuwa na msemo wake: "Hii ni uongo, lakini ni uongo uliotengenezwa na fundi."

Mama hakujua. Hakuna aliyemficha; ni vile alikuja kutuchukua amechoka, tukapanda ngazi tukalala.

Siku moja theluji ilianza mapema, wakubwa wa mama kazini wakamruhusu aondoke kabla barabara hazijafungwa. Anti alikuwa amempa kaka bastola, haina gololi wala gesi, naye amesimama katikati ya sebule akijaribu kulenga taa. Kaka alikuwa kijana mrefu tayari. Mlango ukafunguka.

Mama hakupiga kelele. Alinivuta mkono, akaniangusha nyuma ya kochi, akalala juu yangu. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni mwangu kupitia koti lenye theluji. Kisha nikaona miguu ya anti ikivuka zulia. Alimnyang'anya kaka bastola taratibu, akaifunika kwa taulo, akaja kukaa sakafuni karibu nasi. Alimwambia mama kwa ile sauti ya wodini kwamba ni ya mchezo, na kwamba amekosea, alipaswa kumwambia tangu mwanzo. Mama alisimama, akajipangusa magoti, akatuchukua juu.

Siku zilizofuata hatukushuka. Tulipewa ufunguo wetu, tukala chakula cha baridi na kukunja nguo zetu wenyewe. Mama na anti walipishana kwenye ngazi kwa salamu fupi kama watu wa benki. Nilidhani urafiki umekwisha, na sikujua nimuulize nani.

Kisha Jumapili moja, baada ya kanisa, mama akapika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu, akaifunga sufuria kwa kitenge, akatuambia tumfuate. Anti alipofungua, mama aliweka sufuria mezani, akakaa, hakuvua hata koti.

"Leta ile kitu," alisema. "Fungula. Nataka nione mu ndani."

Anti alimtazama, akaenda kuileta. Aliifungua mbele yake kipande baada ya kipande, akivipanga juu ya taulo. Mama alikaa na mikono mapajani. Halafu akauliza gololi inakaa wapi. Akauliza nini kinaisukuma, kelele inatoka wapi. Yalikuwa maswali yangu yaleyale, na nilishangaa, maana sikujua kwamba mama yangu naye ni mtu wa kuuliza. Mwishowe akanyoosha kidole akaigusa springi.

"Njo hii tu? Risorti?"

Anti akamwambia ndiyo, ni hiyo tu.

Hapo ndipo mama alipotusimulia jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulisikia. Wakati anakimbia vita, kaka akiwa mgongoni na mimi tumboni, walisimamishwa barabarani na mtu mwenye bastola. Uso wake hakuukumbuka. Alichoona ni lile tundu la mtutu. Yule mtu alitaka mkoba wake, akampa. Ndani ya mkoba mlikuwa na picha zote za wazazi wake, ambao walikuwa wameshakufa. Tangu siku hiyo alijiuliza kama bastola ile ilikuwa na kitu ndani. Pengine ilikuwa tupu. Pengine ilikuwa ya uongo, naye akatoa uso wa mama yake kwa sababu ya risorti.

Anti hakukimbilia kumfariji. Alikiokota kile kipande cha juu, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi hizi nazishika kila wiki," alisema. "Ukinielekezea moja, siwezi kujua. Hakuna mtu anaweza kujua kwa kuangalia."

Mama alirudisha mikono mapajani. Kisha akamgeukia kaka.

"Umesikia? Kama miye singeweza kujua, polisi ya hapa atajua namna gani? Atakupiga risasi mbele ya kuuliza. Ile kitu isitoke mu hii nyumba mu mukono yako. Hata siku moja."

Kaka aliitikia kwa Kiswahili. Ndiyo, mama. Anti naye akasema yeye mwenyewe huifungia ndani ya sanduku kwenye buti la gari, hata ncha ya chungwa haiamini.

Kisha wakapakua sombe. Anti akaanza kuirudishia bastola vipande vyake, na mama, akiangalia mikono yake, akaanza kutueleza zile picha moja moja. Babu na baiskeli mpya. Harusi ya shangazi yake, mtu amekanyaga gauni. Bibi mbele ya nyumba, jua kali, ameinua mkono kujikinga, kwa hiyo nusu ya uso iko gizani.

Jengo lile sasa limepakwa rangi ya kijivu, na milango ina kamera. Anti alirudi Kenya akajenga, tunasalimiana sikukuu. Mama tulimzika Maryland, mbali na watu wake wote, na pamoja naye kiliondoka kile Kiswahili cha ngazini ambacho sijakisikia tena popote. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuziona zile picha. Ninazo kwa maneno tu, kama alivyotupa siku ile, na nikizipitia kichwani hukwama palepale kwa bibi. Mimi niliyeuliza kila kitu kuhusu gololi na gesi, sikuuliza aliinua mkono upi, na ni nusu ipi ya uso iliyokuwa kwenye jua.