Makinda wa Nyamanza kwenye Bustani ya Mama

Daktari alisema kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeshakufa, na mama arudi hospitali haraka wakikate kabla weusi haujapanda. Ukipanda, alisema, hatakuwa anazungumzia kidole tena. Mama alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake magotini kama mtu anayesubiri gari. Ana kisukari cha miaka mingi, na kidonda kile kilianza na jiwe dogo tu ndani ya kiatu. Tulipofika nyumbani Nyakisasa ndipo aliposema kwamba hawezi kuondoka, kwa sababu kwenye bustani yake kuna nyamanza aliyeangua makinda.

Asiyemjua nyamanza atamwona ndege wa kawaida: mweusi na mweupe, mdogo, anatembea uani akitikisa mkia. Kwetu, watu tuliotoka ng'ambo ya mto Ruvubu, ni mgeni wa heri. Hafukuzwi wala hatupiwi jiwe. Akijenga kiota kwenye boma lako, mwenye boma halali kwingine mpaka makinda waruke, maana akiondoka baraka nayo inaondoka. Bibi yangu aliishika mila hiyo, mama akaipokea, licha ya kwaya na Jumapili zake zote za kanisani. Mimi nauza vitenge Kabanga, mpakani, na huko hakuna anayesubiri ndege.

Nilifunga kibanda nikaja kukaa naye. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu kuwa yeye anaumwa mguu, si tumbo.

Kiota kilikuwa ndani ya chungu kilichopasuka, kilicholala ubavu kwenye kisiki cha mparachichi, katikati ya maharage na kabichi. Makinda walikuwa watatu, midomo wazi mchana kutwa. Nilizoea kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko na kuwatazama kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kiumbe kidogo kiasi kile. Walikuwa wameota manyoya. Walikuwa wakijazana kwenye mdomo wa chungu, wakinyoosha mabawa, wakiyakunja, wakirudi ndani. Kila waliporudi ndani nilihisi kama wananidhihaki.

Jioni nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamwosha mama kidonda. Hapo ndipo hofu ilipokaa. Harufu ilikuwa inabadilika. Weusi uliokuwa kwenye kidole ulishaanza kuingia kwenye kidole cha pili, na ngozi ya juu yake ilikuwa inang'aa kwa uvimbe. Nilikuwa namuuliza kama anaumwa, anasema hasikii kitu. Jibu hilo lilinitisha kuliko kama angelia. Nilimfunga bendeji safi, nikaenda nyuma ya nyumba kupiga simu kwa dereva wa gari dogo la kukodi, nikamwomba akae tayari. Alishachoka kunisikia.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Mama alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Nikaenda mpaka kwenye kisiki, nikainama, nikaweka mkono chini ya chungu. Ningekiinua kidogo tu, wangetoka wenyewe, wapende wasipende. Mama yao alikuwa akiruka huku na huku juu ya kichwa changu akipiga kelele. Nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, taratibu, kwa Kirundi kwanza, "Mwana wanje," yaani mwanangu, kisha kwa Kiswahili:

"Ukimtoa kabla ya siku yake, atakayemla ni paka. Na wewe ndiye utakuwa umempa."

Nikautoa mkono. Niliona haya, na hasira haikupungua hata kidogo.

Wa kwanza aliruka kesho yake, jua likiwa limeanza kukausha umande. Alisimama kwenye mdomo wa chungu, akaanguka zaidi kuliko kuruka, akatua kwenye kabichi, kisha akajivuta mpaka kwenye ua wa miti ya miyenzi. Nikapiga makofi peke yangu. Wa pili alitoka muda mfupi baadaye, naye akaangukia kwenye maharage, asionekane. Paka wa jirani alikuwa amelala juu ya ukuta wa choo. Nilimwona anashuka tumbo likigusa ardhi. Nilivua kandambili nikarusha, nikakosa, nikarusha ya pili nikampata mgongoni, nikakimbia peku kwenye maharage ya mama nikiyakanyaga. Kinda akaruka mbele ya miguu yangu, safari hii kwa mabawa kweli, akavuka ua. Nikakaa chini kwenye udongo.

Akabaki mmoja. Siku ile nzima hakutoka, na kesho yake asubuhi nilimwacha palepale mdomoni mwa chungu nikaenda sokoni kutafuta bendeji. Foleni ya duka la dawa ilikuwa ndefu, nikarudi jua likiwa limeshapinda. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Nikamuuliza kuhusu kinda. Akasema bado yumo, amelala, nisimsumbue. Jioni nilipomfungua bendeji weusi ulikuwa umefika kwenye unyayo. Sikulala. Niliamua kwamba kukikucha nitambeba mgongoni, ndege awepo asiwepo, na baraka zikitaka zitufuate hospitali.

Alfajiri nilimpigia dereva aje. Nikaenda kwenye kisiki nikachungulia. Chungu kilikuwa kitupu. Nikatafuta manyoya chini, nikatafuta damu, sikuona. Nilipoinua kichwa nikamwona mama upande wa pili wa bustani. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, cha kushoto amekikanyaga kisigino ili bendeji iingie, anatembea polepole kati ya mistari ya maharage akishika fito moja moja ya kutambazia maharage.

Nikamwambia kinda hayupo, tena hakuna dalili ya paka.

"Aliruka jana," alisema. "Ulikuwa hujafika hata sokoni."

Nikamuuliza kwa nini alinificha. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nilimsikia daktari vizuri sana," alisema. "Nilitaka siku moja ya kutembea humu kwa miguu yangu yote miwili. Sasa nipeleke."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia siku hiyo moja imemgharimu nini, nikamtazama usoni, nikaona anajua. Nikaenda nikamshika mkono. Nje ya ua dereva alikuwa ameshafika, akapiga honi. Mama alitazama mstari wa mwisho wa maharage, ule wa karibu na miyenzi, ambao alikuwa hajaufikia.

Nikapaza sauti nikamwambia dereva asubiri.