Mwaka Tuliochagua Programu ya Wateja

Karakana yetu ya mapazia ilikuwa Hockley, mtaa wa Birmingham, juu ya duka la mzee mmoja aliyeng'arisha vito vya watu. Harufu ya dawa zake ilipanda ngazi ikaingia kwenye vitambaa, na nilikuwa nikifungua dirisha hata siku za barafu. Tulikuwa wawili tu. Mimi nilikata, nikashona na kupokea simu. Mwenzangu alichukua vani akaenda kwa watu kupima madirisha, na mapazia yakiwa tayari alirudi kuyatundika.

Tulijuana katika kiwanda kimoja cha kushona mashuka, ambako hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye Kiswahili. Mimi ni Msomali wa Isiolo, niliyepitia Uholanzi kabla ya kufika Birmingham. Yeye alitoka Bukavu, akaja kama mkimbizi na binti yake mchanga mgongoni. Kiswahili chetu hakikuwa kimoja. Nilichokiita pazia yeye alikiita rido, na siku za mwanzo tulicheka sana. Kiwanda kilipopunguza watu tuliondoka pamoja, tukanunua cherehani kuukuu mbili, tukaanza.

Kwa miaka saba wateja wetu walikaa kichwani mwake. Nikimtajia nyumba yoyote ya mtaa wa Alum Rock, angeniambia dirisha lipi limepinda, ukuta upi ni laini hata hauwezi kushika skrubu, na mama gani hapendi kiatu kipite mlangoni. Alikuwa na madaftari. Ndani yake aliandika vipimo kwa tarakimu safi, na pembeni mwa kila kipimo alichora kitu: geti, paka, ngazi zenye pembe, mti uliokatwa. Nilimtania kwamba daftari lake ni kama la mtoto wa chekechea. Alitabasamu, akalifunga.

Kosa lililoniingiza kwenye habari za programu lilikuwa langu. Mzee mmoja alikuwa amechagua kitambaa cha sebule yake, kijani kizito, na kilipofika nilipiga simu nikaomba kuzungumza naye. Aliyepokea alikuwa mke wake. Akasema mume wake amezikwa wiki tatu zilizopita, na kwamba alidhani sisi tunajua. Niliomba radhi mpaka nikakosa maneno. Mwenzangu aliporudi nikamsimulia, naye akanitazama kwa mshangao. Alikuwa ameniambia habari za kifo kile, alisema, siku ileile aliyoisikia, nami nikaitikia. Ni kweli. Nilikumbuka nimeinama mezani na pini mdomoni, nikiitikia kwa kichwa bila kusikiliza.

Majira yale yale sheria mpya ya taarifa za watu ilikuwa inaanza kutumika, na kila mwenye biashara ndogo alikuwa na hofu. Tulitakiwa kujua tumehifadhi nini kuhusu nani, na kama mwenyewe ameridhia. Nami nilikuwa na nini? Karatasi zilizochomekwa ukutani, simu iliyojaa namba zisizo na majina, na kichwa cha mwanamke mmoja. Nikaamua tutafute programu ya kompyuta ya kutunza wateja.

Nilijaribu tatu, kila moja ikiruhusu mwezi mmoja wa majaribio. Ya kwanza ilitengenezwa kwa makampuni makubwa. Ilimtaka kila mteja awe kwenye ngazi, anapanda au anashuka, na kila asubuhi ilinionyesha mchoro wa faneli, ule mrija wa kumiminia mafuta, usio na maana yoyote kwa watu wanaoshona mapazia ya vyumba vya wanafunzi huko Selly Oak. Niliiacha kabla ya wiki kwisha.

Ya pili ilikuwa nyepesi. Uliweza kubonyeza kitufe ukasema maneno yako, na sauti ikakaa kwenye jina la mteja pamoja na picha ulizopiga. Mwenzangu aliichukua siku mbili, akarudi amechangamka kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Alikuwa amesema mambo mengi mle ndani. Kulikuwa na nyumba moja aliyoizungumzia dakika nne nzima.

Ya tatu ilikuwa kali. Ilikuwa na visanduku vya kujaza, na kazi haikuweza kufungwa mpaka kila kisanduku kiwe na maandishi. Ukitafuta neno moja, tuseme "mjane", ilikuletea wote waliohusika mara moja. Niliipenda papo hapo. Nilijiambia kwamba kwa programu hii sitampigia tena simu marehemu.

Nilimweleza mwenzangu uamuzi wangu tukinywa chai. Alizungusha kikombe mkononi.

"Dada, ile yenye inashika sauti, ile ni muzuri," alisema.

Nikamwambia sauti haitafutiki. Nitakaa kusikiliza dakika nne ili nijue reli ni ya chuma au ya mbao? Alimaliza chai yake, akaosha kikombe. Siku mbili baadaye, akiwa anapakia vani, aliniuliza tena kama ile ya sauti imekwisha muda wake au bado. Nilisema bado, lakini tumeshachagua. Nilisema "tumeshachagua," na nilikuwa nimechagua peke yangu.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Kila jioni, saa za chakula, maelezo ya kazi zake yaliingia kwenye kompyuta yangu, yamepangika, Kiingereza safi chenye nukta na mkato. Nilishangaa kidogo, maana Kiingereza chake cha mdomo kilikuwa cha kukatakata. Nikafurahi tu. Sikujiuliza kwa nini kazi ya saa nne asubuhi huandikwa jioni, wakati binti yake amesharudi shule. Yule binti alizaliwa kwao lakini akakulia hapa. Ukimsalimia kwa Kiswahili anakuelewa, anakujibu Kiingereza.

Halafu ikaja mitihani ya shule, na visanduku vikabaki vitupu. Programu ilimwekea alama nyekundu mbele ya jina, moja, kisha tano, kisha safu nzima. Nilimuuliza mara ya kwanza akasema simu imekwisha chaji. Mara ya pili miwani ilikuwa nyumbani. Mara ya tatu alichukua ufunguo wa vani akatoka. Nikaanza kuamini kwamba ananidharau, kwamba ameona nimejifanya bosi na hii ndiyo njia yake ya kunikomesha. Sikumwambia hivyo. Niliiweka moyoni, na ikakua.

Siku yenyewe kulikuwa na mteja karakanani, mama wa makamo kutoka Alum Rock, amekuja kuchagua kitambaa cha chumba cha binti yake anayeolewa. Mwenzangu aliingia, akitoka kupima nyumbani kwa yule mama. Nikamuuliza vipimo, akanitajia vyote bila kufungua daftari. Nikatoa tableti yenye ile programu nikamwekea mikononi.

"Andika hapa hapa, nikikuona," nilisema. "Ni maneno mawili tu."

Yule mama alikuwa amesimama kati yetu na kipande cha satini mkononi. Mwenzangu aliishika ile tableti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa sinia lililojaa. Alikitazama kioo. Kioo kilizimika. Alikigusa kikawaka, akakitazama tena mpaka kikazimika mara ya pili. Kisha akaniwekea mezani taratibu, akamwambia mteja samahani, akashuka ngazi.

Mteja alipoondoka nami nilishuka. Nilikuwa bado na hasira. Alikuwa amekaa kwenye vani, upande wa abiria, mvua inapiga kioo. Nikaingia upande wa dereva. Vioo vilianza kufunga ukungu.

"Sijuake kusoma," alisema. "Sikufika ku masomo. Mbele ya vita nilikuwa nalinda batoto ba mama, na vita ikakuja. Namba nilijifunza ku soko. Jina yangu, mi naichora tu."

Hapo vitu vyote vikajipanga kichwani mwangu, kimoja baada ya kingine, vitu nilivyokuwa nimeviona miaka saba. Kila ujumbe niliomwandikia aliujibu kwa kunipigia, akisema yuko njiani anaendesha, niseme kwa mdomo. Mtihani wa nadharia wa leseni aliufanya amevaa vya masikioni. Menyu ya mkahawa aliirudisha akasema atakula ninachokula. Kile Kiingereza safi cha jioni kilikuwa cha binti yake. Na ile michoro.

Ningeweza kusema lolote. Nilichosema ni hiki: "Miaka yote hii umekuwa ukinidanganya."

Aligeuka akanitazama, na sikuona hasira usoni mwake, ila uchovu.

"Sikukudanganya. Kila kitu nilikuambia na kinywa. Hata ule muzee mwenye alikufa, nilikuambia."

Nilimwambia nitarudi kwenye ile programu ya sauti, kesho kama anataka. Akatikisa kichwa. Alisema hataki nibadilishe biashara kwa sababu yake, halafu niwe ninamwonea huruma kila nikibonyeza kitufe. Alisema yule mama wa Alum Rock ameona, na Alum Rock ni kama barabara moja, habari zitaenea. Aliniomba wiki mbili anikabidhi wateja, ndipo aende.

Nilimbembeleza, nikapeleka hata mtu mzima wa kanisani kwao azungumze naye. Alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha chakula, akabaki na neno lake.

Ndani ya wiki zile mbili ndipo nilipomjua. Kila asubuhi alivuta kiti karibu na wangu, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mchoro, akasema, nami nikaandika. Paka hakuwa paka. Alimaanisha nyumba ambayo mwenyewe ana pumu, kwa hiyo kitambaa kisichoshika vumbi. Ngazi zenye pembe zilikuwa za mama aliyeanguka akiwa mjamzito, hataki tena mtu apande ngazi mbele yake, kwa hiyo uende akiwa kazini na funguo utaachiwa na jirani. Mti uliokatwa ulikuwa dirisha ambalo sasa linapigwa jua lote la mchana. Kwa mjane wa yule mzee alikuwa amechora kiti, basi. Nikamuuliza kina maana gani. Alisema siku aliyokwenda kumpa pole alimkuta amehamisha kiti cha mume wake kutoka dirishani, maana hakuweza kuvumilia kukiona, na sasa hataki mapazia ya dirisha lile yafunguliwe. Ndiyo sababu hakuwa ametupigia simu kuuliza kitambaa chake.

Nilitafuta kisanduku cha kuandika hayo. Kulikuwa na anwani, aina ya reli, rangi, tarehe ya kupiga simu tena. Mwishoni palikuwa na nafasi ya maelezo mengine, nayo ilikubali herufi chache tu kisha ikakataa. Nikawa ninafupisha. Nikaandika "pazia la mbele lisifunguliwe," nikahamia kwa mteja mwingine. Yeye alinisubiri kila mara nimalize kuchapa, mikono mapajani, kama mtu aliye ofisini kwa watu.

Siku moja katikati ya kazi nilisimamisha vidole nikamwomba msamaha, kwa ajili ya siku ile na ile tableti. Alisema imekwisha. Akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye mchoro uliofuata.

Siku ya mwisho alifagia karakana ingawa nilimkataza. Alichukua drili yake, akaniachia futi ya kupimia na ufunguo wa vani. Madaftari nilitaka abaki nayo, lakini alisema ni ya kazi. Tulikumbatiana mlangoni. Baada ya kushuka nilisikia akimuaga mzee wa chini kwa Kiingereza chake, na mzee akicheka kwa kitu alichomwambia.

Nilimwajiri kijana wa Kihabeshi, mtaratibu, anayejaza kila kisanduku kabla hajatoka mlangoni kwa mtu. Alama nyekundu zikatoweka. Programu ilifanya yote iliyoahidi, siwezi kuisingizia. Ilinikumbusha nani apigiwe simu lini, na watu wa sheria kama wangekuja wangekuta kila kitu mahali pake. Lakini wateja wa zamani walikuwa wakimaliza mazungumzo kwa kuuliza yule mama yuko wapi, na nikijibu ameacha kazi, walisema aa, na simu ikawa baridi. Wengine hawakurudi. Mjane alighairi kitambaa cha kijani. Nilimwambia hakuna shida, nikafunga jina lake, na programu ikaniuliza sababu ya kumpoteza mteja, nichague moja kati ya sita. Nilichagua "nyingine".

Nilimkuta mwenzangu mwaka uliofuata, duka la mboga Alum Rock, akichagua ndizi za kupika. Sasa alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa amenenepa kidogo. Binti yake alikuwa naye, mrefu kumpita, akanisalimia kwa adabu bila kuniangalia machoni, na nilijua kwamba anajua habari ya ile tableti. Tuliulizana afya. Nilimwambia bado nashona, akasema ni vizuri. Aliniambia anasoma darasa la jioni la watu wazima, mara mbili kwa wiki, na kwamba herufi zinamchosha macho. Nilisema nimefurahi sana. Nilitaka kumwalika nyumbani, nikamwalika, akasema atakuja Mungu akipenda.

Binti alimwambia kwa Kiingereza kwamba basi linafika. Alilipa ndizi zake, akanishika mkono, wakatoka. Niliwatazama wakivuka barabara kwa haraka, mvua imeanza tena, mama mbele na binti nyuma amebeba mfuko.