Nilisaini Nikisonga Ugali

Nichekeni tu, maana nilijitakia.

Shule ya binti yangu hapa Matisi, mjini Kitale, inataka mzazi asaini kazi ya nyumbani kila jioni na kuandika maoni. Mimi husaini nikisonga ugali, mkono mmoja mwiko, mwingine kalamu. Maoni yangu ni yale yale tangu muhula uanze: "Nimesoma. Ni kweli kabisa. Mama Wanjiku."

Siku ya wazazi nikakaa mbele. Mwalimu wa Kiingereza alipolalamika kwamba wengine wetu tunasaini tu bila kusoma, nilisimama bila kuitwa.

"Wazazi, tuache uvivu bana. Mimi husoma neno kwa neno."

Wakanipigia makofi. Mwalimu akafurahi, akachukua daftari la Wanjiku liwe mfano.

"Wiki hii tulifundisha chuku," akaeleza, "yaani kutia chumvi kupita kiasi. Kila mtoto aliandika sentensi moja kuhusu mtu wa nyumbani."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua hiyo sentensi. Wanjiku, pale dirishani, alikuwa amejifunika uso kwa sweta.

Mwalimu akasoma kwa Kiingereza, kisha akawatafsiria nyanya waliokaa nyuma: "Mama yangu akikoroma hapa Kitale, majogoo wa kule Bungoma huamka wakidhani wamechelewa."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akainua mkono watulie.

"Ngojeni, sijamaliza. Hapa chini mama mwenyewe ameandika: 'Nimesoma. Ni kweli kabisa.'"